Ruhusa ya Mama Foleni

Kinyozi alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliompa mke, kazi na matatizo yake yote. Mke alimpata kambini, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa kumchekesha kwenye foleni ya maji mpaka binti wa watu akasahau dumu lake bombani. Kazi aliipata baadaye, walipohamia mjini, siku alipomnyoa mwenye saluni bure huku akimsimulia kisa kirefu, na mwisho wa kisa akakataa kuusema mpaka aajiriwe. Matatizo ndiyo haya tunayoyasimulia.

Tatizo lenyewe lilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, hilo Kinyozi mwenyewe angekuapia. Ila alikuwa mtu wa maneno machache aliyepata mkwe wa maneno mengi, na siku ya posa alisema mbele ya wazee, bila kupunguza sauti, kwamba yeye hamwamini mwanamume anayeongea huku ameshika wembe. Binti akang'ang'ania, ndoa ikafungwa, na tangu hapo wawili hao waliishi kwa salamu. "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Basi. Sasa walikaa wote pamoja, vyumba viwili na sebule, juu ya duka la rangi, na mama mkwe ndiye aliyebaki na mtoto ili mke aende zamu zake za usafi hospitalini. Siku za karibuni mambo yalianza kulainika. Kuna siku alimuuliza Kinyozi kama amekula. Siku nyingine akamwambia shati lake limekunjamana mgongoni. Kwa mama mkwe yule, hayo yalikuwa mapenzi, na Kinyozi aliyatunza kama mtu anayetunza moto wa jikoni, haruhusu hata mlango ufunguliwe kwa nguvu.

Kule kambini mama huyo hakuwa mtu wa kukaa ndani. Kule aliitwa Mama Foleni, na jina hilo halikuwa la mzaha.

Kambini kulikuwa na foleni ya kila kitu: ya maji, ya unga, ya sabuni, ya dawa, na ya dirisha la ofisi lililofunguliwa pale lilipojisikia. Hakuna mwenye magoti ya kusimama kutwa, kwa hiyo watu waliweka vitu. Unaweka dumu lako, au jiwe, au ndala moja, chochote ulicho nacho, pale ulipofikia, halafu unakwenda zako kutafuta kuni au kunyonyesha mtoto. Kitu chako ndicho wewe. Aliye nyuma yako ndiye shahidi wako. Na aliyewajua wote, jiwe hili la nani na ndala ile ya nani, alikuwa Mama Foleni. Hakuna aliyemchagua. Alikohoa tu, kikohozi kimoja kikavu, na hata vijana wenye vifua vyao waliojichomeka mbele walirudi nyuma kama watoto. Huku mjini foleni zina mashine inayotema namba. Mama Foleni alipelekwa ofisini mara moja, akakitazama kikaratasi, akaitazama mashine, akauliza, "Na hii ikikosea, nani wa kuiambia?" Toka siku hiyo hakupenda kutoka.

Basi, siku moja akaingia saluni dada mmoja mwenyeji wa mji, mwalimu wa maigizo, kupunguza nywele na kubandika tangazo. Alikuwa akikusanya watu, wakimbizi na wenyeji, watunge mchezo pamoja katika ukumbi wa mtaa. Kinyozi alimnyoa huku akiongea tangu sikio la kulia hadi la kushoto. Alipomaliza, yule dada akalibandua tangazo lake. "Sihitaji tena kulibandika hapa," akasema. "Njoo wewe, ulete na wenzako."

Mwalimu alikuwa na moyo mzuri, lakini alitaka watu walie. Aliamini kwamba wenyeji wakilia vya kutosha watawapenda wageni wao. Siku ya kwanza aliwalaza wote chali sakafuni, akapunguza taa, akawaambia kwa sauti ya upole wafumbe macho waikumbuke safari. "Rudini kule," alisema. "Isikieni miguu yenu." Kimya kikatanda, kimya kizito. Mwalimu akahisi machozi yanamlengalenga. Ndipo mmoja wa wenzake Kinyozi, Fundi Baiskeli, akakoroma.

Ulitaka afanye nini? Mtu ameshinda akiziba pancha tangu alfajiri, unamlaza chali gizani, halafu unamwambia akumbuke! Wakimbizi wote walikuwa wamelala fofofo. Aliyekuwa macho ni Mwokaji peke yake, mwenyeji mnene mwenye unga masikioni, na yeye ni kwa sababu waokaji hulala mchana.

Mwalimu, tumpe haki yake, alicheka mpaka akakaa chini. "Haya," akasema, "kama safari inawaletea usingizi, nipeni kitu kisicholetea mtu usingizi."

"Foleni," akajibu Fundi Baiskeli, akijifuta mate. "Kule ukilala unapitwa."

Kinyozi akasimama. Hakupanga, mdomo wake ulizoea kutangulia, na siku hiyo miguu nayo ikaiga tabia ya mdomo. Akajifunga taulo kichwani. Kidevu akakitanguliza mbele kama mtu aliyesikia harufu ya chungu kinachoungua. Mkono wa kushoto akautenga na mwili, umejikunja, kama mshikio wa birika. Kisha akatembea kando ya foleni isiyokuwepo, akitazama mawe yasiyokuwepo, akakohoa. Waliokuwa wameishi kambi ile wakapiga mayowe. Waliotoka kambi nyingine kabisa nao wakacheka vile vile, maana kila kambi ilikuwa na Mama Foleni wake. Mwokaji, ambaye hajawahi kuona kambi ila kwenye televisheni, alicheka mkono tu, jinsi ulivyokaa.

"Huyu mama umemtoa wapi?" Mwalimu akauliza.

Hapo ndipo Kinyozi alipotakiwa kusema ukweli. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Kinyozi siku hiyo zilikuwa zimenyolewa. "Nimemtunga tu, Mwalimu," akasema. "Kichwani." Fundi Baiskeli, aliyetoka naye kambi moja, alimkodolea macho, kisha akainama kufunga kamba za viatu vyake ambavyo havikuwa na kamba.

Usiku huo mkewe, aliyeshasikia habari mtaani, alimbana chumbani. "Umemwigiza nani?"

"Hebu kwanza uone."

Akamwonyesha kwa kunong'ona, kama kunong'ona kwa miguu kunawezekana. Mke aliuma mto kwa kicheko. Kilipofika kipande cha mkono, akautoa mto mdomoni. "Mkono uache," akasema. Hakueleza kwa nini, na Kinyozi hakuuliza, kwa sababu mkono ndio uliokuwa ukichekesha kuliko vyote, na mchekeshaji hauulizi mkono unaomlisha.

"Mama akijua," mke akasema, sasa bila kicheko, "atafunga mzigo aende kwa kaka. Namjua mama yangu. Hatagomba. Atakunja nguo zake moja moja, ataaga vizuri, na hatarudi. Na hicho kidogo mlichoanza kujengeana, kwisha."

"Hatajua. Hatoki nje."

"Njia ya mwongo ni fupi, mume wangu."

Ukweli ambao Kinyozi hakumwambia hata mkewe ni kwamba hakuwa akimdhihaki mama huyo. Alimkumbuka. Yule aliyekaa sebuleni akitazama ukuta hakuwa yule aliyewahi kumwamrisha dereva wa lori la unga ashuke, aombe radhi, apande tena. Kila alipojifunga lile taulo, Kinyozi alimwona tena mzima mzima, na moyo wake ulifurahi. Lakini furaha yako haikupi haki ya kuchukua cha mtu, na hilo alilijua, ndiyo maana alinyamaza.

Mchezo ukaiva. Mwalimu akaamua wenyeji wacheze wageni, na wageni wacheze wenyeji, isipokuwa Mama Foleni, ambaye aliachiwa Kinyozi. Fundi Baiskeli akawa karani wa dirishani, akaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Hata mapumzikoni alikuwa akiwafungia wenzake dirisha. Mwokaji akawa mgeni aliyefika kambini leo, asiyejua kitu, anayeikuta foleni ya madumu na mawe akadhani ni takataka, akaipiga teke, akaenda kusimama mbele. Ndipo Mama Foleni aingie amfundishe. Taulo halikupendeza jukwaani, kwa hiyo Kinyozi akaazima mtandio wa mama mkwe kutoka kwenye kamba ya nguo. Aliazima kwa maana ile ya kutomwambia mwenyewe.

Sasa, Mwalimu alikuwa na tabia ya kupanda ngazi. Wiki ya onyesho alizunguka nyumba kwa nyumba akigawa tiketi za bure, mpaka akafika juu ya duka la rangi. Akafunguliwa na mama mmoja mtu mzima mwenye mtoto kiunoni.

"Ni mchezo wa nini?" mama akauliza.

"Wa foleni, mama. Foleni ya kambini."

Mama akafikiri. "Aliyeutunga aliwahi kupanga foleni?"

"Wengi wao, mama."

"Nitakuja nione kama hawakukosea."

Mwalimu akamwandikia kiti cha mbele kabisa, katikati, akashuka ngazi akiimba. Nyumbani mama mkwe hakumwambia mtu. Mchana wa Jumamosi alimwambia binti yake, "Vaa. Tunatoka," na binti akajua wanakokwenda walipofika mlangoni.

Ukumbi ulijaa. Wakimbizi walikaa kushoto, wenyeji kulia, kama harusi ya koo zilizogombana. Pazia halikuwepo jukwaani, ila lile la kando walikojificha waigizaji, kwa hiyo kila aliyeingia aliiona foleni imeshapangwa: dumu, jiwe, ndala moja, beseni lililotoboka, mfuniko wa sufuria, na mbele yake dirisha la ubao limefungwa. Akaingia mzee mmoja wa upande wa kushoto. Akaiona foleni. Akasita. Kisha, bila hata kufikiri, akapanda zile ngazi mbili za jukwaa, akauweka mwavuli wake mwishoni, akashuka akaketi, ametulia, mtu aliyeshika nafasi. Mama aliyemfuata akamvua mtoto wake kiatu kimoja, akakiweka nyuma ya mwavuli. Akaja wa kofia. Akaja wa chupa ya maji. Hakuna aliyeuliza foleni ni ya nini. Kwa maisha waliyopitia, ukiona foleni unaingia kwanza, habari utapewa ndani.

"Nivitoe?" mtunza ukumbi akamnong'oneza Mwalimu.

"Thubutu!" Mwalimu akasema, macho yanang'aa. "Viache."

Kinyozi, amejifunga mtandio, akachungulia pazia la kando. Alichokiona kwenye kiti cha mbele, katikati, kilimrudisha hatua mbili nyuma. Mama mkwe, mtoto mapajani, mkoba juu ya magoti. Pembeni yake mkewe, macho yamemtoka, akijigusa kichwani na kutikisa mikono kwa siri: uvue, uvue, uvue.

"Mwalimu, siwezi. Tumbo linauma."

"Kila mtu tumbo linamuuma kabla ya kuingia."

"Mwalimu, yule pale mbele ndiye yeye."

"Ndiye nani?"

"Mama Foleni."

"Si ulisema umemtunga?"

"Alitungwa na Mungu. Mimi nilinakili." Kinyozi akalirudisha pazia. "Ni mama mkwe wangu."

Mwalimu akaziba mdomo. Kisha macho yake yakapanda taratibu kichwani kwa Kinyozi. "Na huo mtandio?"

"Wake."

Kuahirisha hakukuwezekana. Mwokaji alikuwa ameshaingia jukwaani na furushi lake, akishangaashangaa kama walivyofanya mazoezini. Akaiona foleni, akacheka kigeni, akalipiga teke dumu. Akalipiga jiwe. Akapiga ndala, beseni, mfuniko, na kwa kuwa alikuwa amepata moto, akaupiga na mwavuli wa mzee, na kiatu cha mtoto kikaruka hadi kwenye taa.

Upande wa kushoto ukasimama wote.

"Wee! Foleni hiyo!"

"Mwavuli wangu!"

"Mshike huyo, anapita watu!"

Walipanda jukwaani kama maji. Mama wa kiatu alianza kurudisha vitu, mwingine akamwambia amekosea, jiwe lilikuwa nyuma ya dumu, wa tatu akaapa kwa macho yake kwamba beseni lilitangulia. Wote walijua kabisa kwamba hili ni igizo. Walijua pia kwamba nafasi ya mtu ni nafasi ya mtu. Mwokaji alijibanza kwenye dirisha, akimwomba Fundi Baiskeli amfungulie, na Fundi Baiskeli, kwa kuzoea, akamwambia bado. Upande wa kulia, wenyeji wakidhani ndivyo ulivyoandikwa, wakapiga makofi mpaka viti vikatikisika.

"Ingia!" Mwalimu akamsukuma Kinyozi. "Ni zamu yako, watulize!"

Akaingia, kidevu mbele, mkono wa kushoto umejitenga. Akakohoa. Kikohozi kilitoka kama cha kifaranga. Hakuna aliyegeuka.

Ndipo kikasikika kingine, kutoka kiti cha mbele. Kikavu. Kimoja.

Jukwaa lote likaganda. Wengine walikuwa hawajakisikia kikohozi kile kwa miaka, na miguu yao ikakitambua kabla ya masikio. Mama mkwe akampa binti yake mtoto, akamwekea na mkoba juu, akapanda.

"Kaeni."

Wakashuka wakakaa. Mama mkwe hakumtazama Kinyozi kabisa. Aliinama akaanza kuokota. "Dumu. Jiwe. Ndala. Beseni, halafu mfuniko. Mwavuli wa mzee. Kiatu cha mtoto. Kofia ilikuja baada ya kiatu, usinibishie, nilikuwa nimekaa nakuona. Chupa." Foleni ikanyooka. Akamgeukia Mwokaji. "Na wewe. Umefika leo?"

"Ndiyo, mama," Mwokaji akasema, na hakuwa akiigiza tena.

"Hukujua."

"Sikujua."

"Aliyefika leo hajui. Weka kitu chako nyuma, usubiri kama wenzako."

Mwokaji akapapasa mifuko, hakuna kitu. Akatazama huku na huku. Mwishoni akavua mkanda wa suruali, akauweka nyuma ya chupa, na kwa muda wote uliobaki aliigiza ameshika kiuno kwa mikono miwili. Pande zote mbili zilicheka kicheko kimoja.

Kisha mama mkwe akageuka. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze, na mtandio ibaki nao.

"Wiki nzima naitafuta nguo hii," mama mkwe akasema. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Tembea."

"Mama, naomba..."

"Nimesema tembea."

Akatembea. Hajawahi kutembea safari ndefu kama ile, kutoka dumu hadi mkanda, na safari alizotembea zinajulikana.

"Simama. Huo mkono wa kushoto umeuwekaje?"

"Ndivyo... ndivyo unavyouweka, Mama."

"Najua ninavyouweka. Nakuuliza kwa nini."

"Sijui, Mama."

Mama mkwe akautazama mkono wake mwenyewe, kama anautazama mara ya kwanza. "Baba yao macho yalimwisha kule kule kambini, kabla wewe hujafika. Alikuwa anaushika mkono huu kwenye foleni, asipotee. Alipokufa, mkono ukabaki hapo hapo ulipo."

Kinyozi aliona aibu, aibu ya kweli, ile ambayo haina mzaha ndani yake. Miaka yote ameishi na mkono ule, ameamkiana nao kila asubuhi, ameupeleka jukwaani uchekwe, na hajawahi kuuliza.

Mama mkwe hakumwacha azame sana. Aliwageukia watu, kushoto na kulia. "Kuna mzee yeyote hapa asiyeona vizuri?"

Upande wa wenyeji, fimbo ikainuliwa. Alikuwa kizee mmoja mwenye miwani minene kama vitako vya glasi. "Mimi nipo, mama!" akapaza sauti. "Tangu nifike sijaona kitu, nasikia vicheko tu! Niambieni basi kuna nini!"

Watu walivunjika mbavu. Wakampandisha jukwaani kwa kumshika huku na huku, akapewa mkono, akaukamata. Ukamkaa sawasawa. Mama Foleni akaanza kutembea, kidevu mbele, akimweleza kwa sauti: hili hapa dumu, hili jiwe, angalia usikanyage kiatu cha mtoto. Kinyozi, asijue la kufanya, akafuata nyuma, naye kidevu mbele; Mama Foleni wawili, mmoja wa kweli na mmoja wa kuiba, na kila wa mbele alipogeuka, wa nyuma aliganda. Walipofika dirishani Fundi Baiskeli alitakiwa kuwafungia kwa kishindo, lakini alimwona aliyesimama mbele yake, akasahau ukarani wote. "Shikamoo, Mama Foleni," akasema, akafungua mbao zote mbili, akawahudumia watu wote waliokuwa kwenye foleni mmoja mmoja, hadi mwenye mkanda. Mwalimu alikuwa nyuma ya pazia analia kwa furaha. Machozi aliyoyatafuta aliyapata, ingawa yalikuwa yake mwenyewe.

Nje watu walipongezana mpaka jioni, na ikatangazwa kwamba Jumamosi ijayo mchezo utarudiwa. Lakini njiani kurudi nyumbani mama mkwe hakusema neno. Alipanda ngazi, akanawa mikono. Wakakaa mezani, watatu, mtoto amelala. Mtandio ulikuwa umekunjwa vizuri katikati ya meza, na hakuna aliyethubutu kuutazama.

"Ungeniomba," mama mkwe akasema.

"Mama, nisamehe sana, nili..."

"Sijamaliza. Ungeniomba."

"Ningekuomba, ungekubali?" Mdomo ulishatangulia. Mke akamkanyaga chini ya meza.

"Nisingekubali."

"Sasa, Mama, ndiyo maana..." Mke akamkanyaga tena, na safari hii kwa kisigino.

"Nisingekubali," mama mkwe akarudia polepole. "Ningekataa. Mimi, unajua nimewahi kumkatalia nani? Maisha yangu nimesimama upande huu wa dirisha. Nimeambiwa hapana ya unga. Nimeambiwa hapana ya dawa ya macho ya baba yao. Hapana ya karatasi, hapana ya kurudi, hapana ya kubaki. Sijawahi kuwa na kitu ambacho mtu anakitaka, mpaka aje asimame mbele yangu aniombe, nami nimtazame, nimwambie hapana. Kumbe nilikuwa nacho. Nawe ulikuwa unakula meza moja nami, hukuniomba. Umeninyang'anya hapana yangu."

Kinyozi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe haukuwa na kitu. Akaufunga. Alipoweza tena kusema, alisema maneno mawili tu. "Nimekukosea, Mama."

"Umenikosea." Mama mkwe akanywa maji. "Nilipokuwa nimekaa pale mbele nilishafunga mzigo kichwani. Nguo zangu, dawa zangu, kesho asubuhi kwa kaka yenu. Nilishafika mpaka kwenye viatu." Akaweka kikombe chini. "Halafu yule mzee akanishika mkono. Ana mkono mzito yule, Mungu wangu."

Mke alishindwa, akacheka, akafunika uso kwa viganja, na huwezi kujua kama chini ya viganja hakuwa pia analia. Mama mkwe akausogeza ule mtandio hadi mbele yake mwenyewe, akauwekea mkono juu.

"Haya," akasema. "Niombe."

Kinyozi akasimama. Akavuta shati nyuma lisikunjamane. Akakutanisha mikono mbele. "Mama, naomba ruhusa yako nikuigize Jumamosi ijayo. Na mtandio pia, naomba."

Mama mkwe hakuwa na haraka. Akatazama dari. Akafuta tone la maji mezani kwa kidole. Akamtazama mkwe wake tangu nywele hadi magoti, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye karatasi ambayo haina kasoro, akaipata.

"Hapana."

"Hapana, Mama?"

"Njoo kesho."

Akainuka na mtandio wake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Walibaki pale mezani, mume na mke. Kisha nyuma ya mlango kikaanza, chini chini, halafu juu, kicheko ambacho Kinyozi hakuwahi kukisikia katika miaka yote ya ndoa yake, cha mwanamke mtu mzima aliye peke yake chumbani, anacheka mpaka anajipiga mapaja.

Mke akapangusa macho, akaanza kukusanya sahani.

"Kesho uwahi," akamwambia mumewe. "Akishaanza kunywa chai hataki kusumbuliwa."